Fizikia ya mwaka wa kwanza kwa elimu masafa: maandalizi, ratiba na jaribio la pendulamu nyumbani

Anayesoma fizikia darasani akikosea, wa dawati la pili humstua. Anayesoma kwa masafa hukosea peke yake, na kosa hilohilo laweza kumfuata hadi chumba cha mtihani. Kwa hiyo hapa tumetumia nafasi kubwa kueleza jinsi ya kulitambua kosa kwa kulitazama jibu lenyewe.

Hatua ya 1: Jipime hesabu kabla ya kulipa ada

Wengi wanaokwama hawakwami kwenye fizikia, hukwama kwenye aljebra. Fanya haya matatu bila kufungua kitabu: geuza kilomita 72 kwa saa ziwe mita kwa sekunde; kani ya N 50 inavuta kwa nyuzi 30 juu ya mlalo, tafuta sehemu yake ya mlalo na ya wima; kisha kwenye T = 2π√(L/g), iache g peke yake upande mmoja.

Majibu ni 20 m/s, N 43.3 na N 25; na g = 4π²L/T². Yakikuchukua zaidi ya robo saa, tenga wiki tatu za aljebra na trigonometria kwanza. Uliza pia kama kozi inatumia kalkulasi (hesabu za utofautishaji na ujumlishaji). Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana sana hapo.

Kabla ya kila kipindi cha maswali, andika sin 30 kwenye kikokotoo. Likitoka 0.5, uko sawa. Likitoka −0.988, kikokotoo kipo kwenye radiani (kizio kingine cha pembe, si nyuzi), na kila jibu lenye pembe litaharibika ingawa njia yako ni sahihi.

Hatua ya 2: Ratiba

Tenga saa 10 kwa wiki: mbili za kusoma, sita za kufanya maswali, mbili za vitendo. Ndiyo, maswali mara tatu ya kusoma. Kutazama mtu akikokotoa kwenye video kunakupa hisia ya kuelewa, lakini mkono wako bado haujajua kitu. Kwa kila swali la mekanika (kani na mwendo), chora kitu kikiwa peke yake, weka mishale ya kani zote zinazokigusa pamoja na uzito wake, chagua upande ulio chanya, ndipo uandike mlinganyo. Usifungue ufumbuzi kabla ya dakika 20.

Hatua ya 3: Ulizia vitendo mapema

Open University ya Uingereza, ilipoanza kufundisha mwaka 1971, iliwatumia wanafunzi wa sayansi masanduku ya vifaa vya majaribio majumbani. Vyuo vingine huwaita wanafunzi maabara kwa siku kadhaa mfululizo, na vingine hukubali majaribio ya nyumbani yenye ripoti. Pata majibu kwa maandishi: vitendo vinafanyika wapi, tarehe gani, nauli na malazi ni juu ya nani, na je, anayekosa vitendo anaruhusiwa kukaa mtihani?

Hatua ya 4: Pima g ukiwa nyumbani

Hili ndilo jaribio bora la kuanzia. Pendulamu ni kitu kizito kinachobembea kwenye uzi; L ni urefu wake, T ni kipindi, yaani muda wa mbembeo mmoja, na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, unaopimwa kwa m/s². Vifaa vyake havina gharama, na kila kosa huacha alama yake kwenye namba.

Unahitaji kufuli dogo la chuma au nati kubwa, mita moja na nusu ya mshipi wa kuvulia, tepu ya kupimia, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Uzi wa kushonea unafaa pia. Mpira au uzi unaonyumbuka haufai, kwa sababu urefu hubadilika kitu kikibembea.

Bana ncha ya juu ya mshipi kati ya vibao viwili vilivyokazwa ukingoni mwa meza iliyo juu sana au kwenye fremu ya mlango. Usiufunge kwenye msumari: mshipi hujizungusha kidogo kwenye msumari kila unapobembea, na urefu unapungua bila wewe kujua. Pima L kuanzia pale vibao vinapoubana hadi katikati ya kufuli.

Vuta kufuli pembeni kidogo tu, nyuzi 10 au chini. Kwa urefu wa mita 1 hiyo ni sentimita 17. Kwa sentimita 40 ni sentimita 7. Fomula yetu, T = 2π√(L/g), ni ya pembe ndogo. Ukivuta hadi nyuzi 30, kipindi kinaongezeka kwa karibu asilimia 1.7, na g inashuka hadi kama 9.45.

Achia bila kusukuma. Chora alama ya chaki nyuma, pale kufuli linapotulia, na uanze saa kufuli likipita hapo. Katikati ndipo lina kasi kubwa, kwa hiyo jicho linauona wakati wake vizuri. Pembeni linasitasita na huwezi kusema limegeuka lini. Anza kuhesabu kwa sifuri. Mbembeo mmoja umekamilika kufuli linapopita alama likielekea upande uleule lilioanzia.

Hesabu 20. Kidole huchelewa kama sekunde 0.2. Kwa mbembeo mmoja wa sekunde 2, hilo ni kosa la asilimia 10. Likigawanywa kwa 20 linabaki asilimia 0.5.

Rudia mara tatu kwa kila urefu, tafuta wastani, kisha badilisha urefu. Muda wa mbembeo 20 unapaswa kukaribia huu:

0.40 m: sekunde 25.4
0.60 m: sekunde 31.1
0.80 m: sekunde 35.9
1.00 m: sekunde 40.2
1.20 m: sekunde 44.0

Gawanya kwa 20 upate T, tafuta T², kisha chora grafu ya T² (wima) dhidi ya L (mlalo). Mstari ulionyooka wenye mteremko wa karibu 4.04 ndio unaoutafuta. g ni 39.48 (yaani 4π²) gawanya kwa mteremko. Mteremko uupate kwa nukta mbili zilizo mbali juu ya mstari wenyewe, usichukue vipimo viwili vya jedwali.

Hatua ya 5: Ripoti

Piga picha za kurasa mchana karibu na dirisha, ziunganishe kwenye PDF moja, zitume siku moja kabla ya mwisho. Namba ghafi za saa ziachwe zilivyo, hata zile mbaya.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, nimerudia mara tano na napata g ya 10.8 kila mara. Tepu yangu ni mbovu?
Jibu: Tepu ni nzima. Umeanza kuhesabu kwa "moja" badala ya "sifuri", kwa hiyo umepima mbembeo 19 ukagawanya kwa 20. T inapungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa inapigwa kipeo cha pili, g inapanda hadi 10.8. Gawanya muda wako kwa 19 uone.

Swali: Mstari wangu umenyooka lakini haupiti kwenye sifuri. Unakata mhimili wa T² kwenye 0.12. Nifute nukta?
Jibu: Usifute kitu, ndugu. Gawanya 0.12 kwa 4.04, utapata mita 0.03. Bila shaka umepima hadi juu ya kufuli, ukaacha sentimita 3 hadi katikati yake. Mteremko haujaathirika, kwa hiyo g yako ni salama. Andika maelezo hayo kwenye ripoti.

Swali: Naweza kutumia chupa ya maji badala ya kufuli?
Jibu: Ikiwa nusu, hapana: maji hucheza na katikati ya uzito hujongea. Ikijaa hadi mdomoni itafanya kazi, ila ni pana na hewa huipunguza kasi haraka. Uzito wenyewe haubadilishi kipindi.

Swali: Bando langu ni dogo. Kuna programu isiyohitaji intaneti muda wote?
Jibu: Phyphox ya chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ni ya bure, na ukishaipakua hupima kwa vihisi vya simu bila intaneti. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya kuigiza, baadhi kwa Kiswahili, na mengi unaweza kuyapakua. Lakini la kuigiza halina kidole kinachochelewa, kwa hiyo lifanye baada ya pendulamu halisi.

Swali: Mwenzangu Ulaya kaambiwa g ni 9.81, kitabu changu kinasema 9.8, mtihani uliopita ulitumia 10. Nishike ipi?
Jibu: Kwenye mtihani, shika iliyoandikwa kwenye karatasi ya maswali. Kwenye ripoti, linganisha na thamani ya mahali ulipo: Dar es Salaam ni karibu 9.781, Nairobi karibu 9.775, kwa kuwa tupo karibu na ikweta na Nairobi ipo juu zaidi. Kosa la asilimia 0.5 kwenye T huwa asilimia 1 kwenye g, yaani karibu 0.1. Kwa hiyo ukipata 9.8 ± 0.1, jaribio lako linakubaliana na 9.78 na 9.81 zote mbili, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuandika.