Mwanafunzi wa sayansi ya mifugo, omba kusini: jinsi ya kuiwahi nafasi kabla tangazo halijapoa

Kila ifikapo Juni simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wanafunzi wa sayansi ya mifugo, wengi mwaka wa pili, na wengi wao watoto wa huku huku Mtwara na Lindi. "Shikamoo kaka, kuna nafasi ya fildi hapo kwenu?" Fildi ndiyo mafunzo kwa vitendo. Mimi ni afisa mifugo wa kata, mzaliwa wa Newala, nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, na simu hizo nazipokea kwa moyo mmoja. Kinachoniuma ni kwamba Juni muda umeshakwenda, na mara nyingi anayepiga ameshaomba Dar es Salaam, Kibaha na Arusha, amekosa kote, ndipo anakumbuka nyumbani. Naandika haya ili mwakani simu hizo zije Machi, na mpigaji awe na barua mkononi.

Anza na karatasi zako. Naliweka hili mbele ya yote kwa sababu ndilo lililoninyima nafasi mimi. Nikiwa mwaka wa pili lilibandikwa tangazo kwenye ubao wa idara: miezi mitatu ya mafunzo kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, malazi juu yao na posho kidogo. Sifa zote ninazo. Nikakusanya vyeti, na hapo nikaona kwamba cheti changu cha kuzaliwa kina jina la babu, cha kidato cha nne kina jina la baba, na herufi moja ya jina langu mwenyewe imeandikwa vingine. Mwalimu aliyeniandikisha shule aliandika alivyosikia. Wenye tangazo walitaka majina yafanane. Nilikuwa likizo nyumbani, nikapanda gari kutoka Newala hadi Mtwara mjini kutafuta wakili wa kuniapisha. Hati nikaipata Ijumaa saa kumi jioni. Dirisha la kupokea maombi lilikuwa limefungwa tangu saa tisa na nusu.

Kwa hiyo leo, si kesho, tandaza vyeti vyako mezani uvisome kimoja kimoja, herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita, kitambulisho cha NIDA, kitambulisho cha chuo. Tofauti ndogo ya tahajia inamalizwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, jambo linalokula siku nyingi kuliko muda ambao tangazo lolote litakungojea. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Wenye mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mnajua usumbufu wake. Kila muhula ukiisha, chukua matokeo yako. Skani kila kitu kwa unadhifu, kila hati faili lake lenye jina linaloeleweka, ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu ikizama baharini Mikindani, vyeti vyako vipo.

Tangazo lisome ukiwa na kalamu. Pigia mstari vitu vinne: elimu inayotakiwa, tarehe ya mwisho, anayeandikiwa barua, na njia ya kutuma. Kwenye elimu ndiko wengi wanakopotea. Daktari wa Mifugo ni mtu mwenye shahada ya tiba ya wanyama, anayesajiliwa na Baraza la Veterinari. Afisa Mifugo ndiyo nafasi yetu sisi wa sayansi ya mifugo. Afisa Mifugo Msaidizi ni ya wenye stashahada, kama wanaotoka vyuo vya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo. Nimeona vijana wakimaliza usiku mzima kuandika barua ya nafasi ya daktari wakati aya ya kwanza ya sifa ilishawatoa. Usiku huo ungetosha kuandika barua mbili za nafasi zao halisi.

Sasa fildi yenyewe. Mikoa hii miwili ina halmashauri 15. Mtwara zipo tisa: Mtwara Mikindani, Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala Mji, Newala, Masasi Mji, Masasi na Nanyumbu. Lindi zipo sita: Manispaa ya Lindi, Mtama, Kilwa, Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Kila moja ina watu wa mifugo, na sehemu nyingi mwanafunzi ni mkono unaosubiriwa. Barua usimwandikie afisa mifugo, hata kama ni mjomba wako. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, uambatanishe barua ya utambulisho ya chuo, kisha ipelekwe masijala igongwe mhuri wa kupokelewa. Nakala yenye mhuri baki nayo, maana bila mhuri barua yako haipo. Baada ya wiki mbili piga simu, taja tarehe ya mhuri, uliza kwa adabu imefika meza gani.

Na usiitegemee njia moja ya kutuma. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ikakatika kule Somanga, Kilwa, kulikuwa na binti aliyetuma bahasha yake kwa basi kutoka Morogoro. Bahasha ikakwama njiani na mizigo ya watu. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa amemtumia shangazi yake wa Masasi picha safi za kila karatasi. Shangazi akachapa steshenari, akapeleka masijala asubuhi ile ile. Bahasha ilipofika, binti alikuwa ameshajibiwa.

Ukiuliza kusini kuna nini cha kujifunza, nitakaa na wewe siku nzima. TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana kituo Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, jirani na wenzao wa TARI, watafiti wa kilimo, wanaoshughulikia korosho. Ukipenda utafiti, malisho na mbuzi, anzia hapo. Maabara ya veterinari, TVLA, nayo ina kituo Mtwara. Nanyumbu kuna shamba la serikali la kuzalisha mitamba (ng'ombe jike ambao hawajazaa), Nangaramo. Lindi kuna kituo cha kanda cha uhimilishaji, kwa anayetaka kujua kupandikiza mbegu kwa mikono yake asiishie kusoma kwenye vitini. Kilwa, Liwale na Nachingwea kuna wafugaji wenye makundi makubwa, wengi walikuja baada ya kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Huko utakutana na mbung'o na nagana, ugonjwa wanaouambukiza mifugo, utakutana na mpango wa matumizi bora ya ardhi unaojadiliwa na mkulima na mfugaji waliokaa benchi moja, na utajifunza kunyamaza na kusikiliza. Somo hilo la mwisho darasani sikulipata.

Usidharau fildi ya kata kwa sababu haina jengo la kupigia picha. Nikuonyeshe asubuhi moja. Tunachanja kuku dhidi ya mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu kuku akishafunguliwa hakamatiki tena hadi jioni. Chanjo ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, lakini jua kali bado linaiua, kwa hiyo inasafiri ndani ya kikapu imeviringishwa kitambaa chenye maji. Mama mwenye nyumba anaingiza mkono bandani, anatoa tetea. Mwanafunzi anamshika amlaze ubavu, jicho moja liangalie juu, chupa isimame wima, tone moja lidondoke katikati ya jicho. Halafu subiri. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanamwachia kuku haraka, anatikisa kichwa, tone linaruka. Mpaka apepese jicho na tone lienee, ndipo umwachie. Aliye mgonjwa hachanjwi. Baada ya miezi mitatu tunarudi nyumba zile zile.

Kwa muda huo wote mwenzako mmoja ana daftari: kaya hii kuku wangapi, vifaranga wangapi, wamekufa wangapi tangu tuondoke mara ya mwisho, wameliwa na mwewe au wamekufa kwa ugonjwa. Mwanafunzi wa mwaka juzi alijaza madaftari mawili hivyo. Aliporudi chuoni hakuhangaika kutafuta mada ya utafiti wake wa mwaka wa tatu; alikuwa ameibeba kwenye begi.

Mwingine aliyekuja Oktoba, kabla chuo hakijafungua, aliniuliza swali ambalo mimi niliyezaliwa chini ya mikorosho sikuwahi kujiuliza: mbuzi wanakula mabibo kiasi gani? Msimu wa korosho bibo, lile tunda la mkorosho, hutupwa. Lina uzito mara nyingi kuliko korosho yenyewe, na mbali na pombe ya uraka inayopikwa na juisi kidogo, mengi yanaoza pale pale mtini, ardhi inanuka utamu uliochachuka. Tukayakata vipande, tukayakamua kwa mikono hadi vidole vikakakamaa kwa ukakasi, tukayaanika juu ya turubai. Siku ya tatu akachukua kipande akakivunja: kilichokatika kwa sauti kikaingia guniani, kilichopinda kikarudi juani, maana unyevu huleta ukungu na ukungu utadhuru mnyama. Protini ya bibo ni ndogo, hivyo akachanganya na mashudu ya ufuta, ambayo Lindi hayatuhangaishi kuyapata. Alipima mbuzi wanne tu, tena kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa mnunuzi wa ufuta. Idadi hiyo haitoshi kuthibitisha kitu kisayansi, naye aliandika hivyo wazi kwenye ripoti yake. Lakini aliyemhoji baadaye kwa kazi ya muda ya msaidizi wa utafiti alimuuliza juu ya mabibo kwa dakika ishirini, na kazi akapewa.

Hapo ndipo barua yako inapopatia nguvu. Usiandike "mimi ni kijana mchapakazi ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Tumeisoma mara mia. Andika: "Julai mwaka jana nilishiriki kuchanja kuku katika vijiji vitatu vya Wilaya ya Newala, nikatunza kumbukumbu za vifo kwa kaya 40." Sentensi moja ya namna hiyo, yenye mahali, mnyama na hesabu, inamfanya msomaji aweke karatasi chini na kukuita. Hakikisha tu ni kweli, kwa sababu atakuuliza chupa inashikwaje.

Ukiwa fildi Agosti, omba kwenda Ngongo. Maonesho ya Nanenane kanda yetu yanafanyika pale Lindi, tarehe 1 hadi 8, na banda la mifugo linahitaji vijana wa kulisha, kusafisha na kueleza wageni. Kwa siku nane watafiti, wenye viwanda vya vyakula, wauza dawa, maafisa wa wizara na wafugaji wakubwa wote wanapita mbele yako. Kuwa na daftari, uliza maswali, omba namba, na ndani ya wiki mbili tuma ujumbe wa kushukuru. Nafasi nyingi ninazozijua hazikuwahi kubandikwa ubaoni, mtu aliulizwa "unamjua kijana yeyote?" akamkumbuka aliyekuwa anafagia banda la ng'ombe Ngongo.

Kuhusu fedha: mwenye mkopo aulizie mapema chuoni fedha za mafunzo kwa vitendo, ila nauli ya kuanzia awe nayo mfukoni, kwa kuwa fedha hizo zinaweza kuchelewa na fildi haisubiri.

Matangazo ya nje yapo, na yasomwe kwa jicho lile lile. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi na Addis Ababa, hutangaza mafunzo na ufadhili, mengi ni ya shahada za juu. Yasome ukiwa mwaka wa pili ujue wanataka nini ukihitimu. RUFORUM ya Kampala ni mtandao wa vyuo vikuu ambao SUA imo. Programu za utafiti wa kiangazi za Marekani zinazolipwa na NSF, mfuko wa serikali yao wa sayansi, zinataka raia au wakazi wa kudumu wa nchi hiyo, kwa hiyo zisikupotezee bando. American Society of Animal Science huwa na mashindano ya mabango ya wanafunzi wa shahada ya kwanza katika mkutano wake wa mwaka, na hata usipokwenda, mihtasari yao inafundisha namna ya kuandika utafiti mdogo kwa ufupi. Nyumbani, TSAP, chama cha wataalamu wa uzalishaji wa mifugo, nacho kina mkutano wake wa kisayansi. Muulize mhadhiri wako kama kuna nafasi ya kuhudhuria.

Tangazo lililosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp likitaka "ada ya fomu", liache. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji. Fungua tovuti ya taasisi yenyewe, kama halipo huko basi halipo. Na ukishahitimu, wasifu wako kwenye mfumo wa Ajira Portal ukamilishe kabla hakujatoka kitu, pamoja na barua iliyosainiwa na vyeti halisi. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi pale badala ya cheti.

Wenye namba yangu, nipigieni baada ya saa nane mchana, asubuhi nakuwa vijijini na mtandao ni wa kubahatisha. Chanjo ya mdondo kwenye kata yangu itakuwa wiki ya kwanza ya Julai. Ambaye barua yake itakuwa imeshagongwa mhuri aje na gambuti, daftari lenye jalada gumu na tochi. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, kutokea ofisi ya kata.