Andikeni mapema programu yenu haifanyi nini

Kwa mnaotengeneza programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) huku Mtwara na Lindi, tuseme ya kurekodi mizani ya korosho kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima: ikishaanza kupendwa, kila mtu ataleta lake. Huyu ufuta, yule mbaazi, mwingine mishahara ya makarani. Fungueni faili moja, mwandike kazi yake kwa mstari mmoja ("inarekodi kilo na kutoa risiti ya mkulima"), kisha orodha ya mambo isiyoyafanya. Hiyo orodha ndiyo yenye kazi: ombi likikataliwa mnaonyesha mstari, hakuna kununiana.

Faili la pili ni nani anaidhinisha mabadiliko. Madogo, mtunzaji mmoja (mwenye ruhusa ya kuidhinisha) ambaye siye aliyeyaandika. Yanayogusa hesabu ya kilo, wawili, tena yakae wazi kwa maoni saa 72. Asiyeonekana miezi 6 anapokonywa ruhusa; akirudi, anarudishiwa. Nywila ya seva wawe nayo angalau wawili, maana mwenye nayo peke yake akizama shambani Oktoba, hitilafu inabaki hapo hapo na foleni ya magunia inakua.

Mkifikia kuchagua kamati ya kuongoza mradi, igeni ile ya Python, lugha huria ya kuandikia programu: viti 5, na mwajiri mmoja hapati zaidi ya viwili.