Kusoma cheti cha dawa: kutoka TDS hadi bahasha ya mgonjwa

Chukua mstari huu, wa aina inayofika kila siku kwenye dirisha la dawa:

Caps. Amoxicillin 500 mg PO TDS 5/7

Mwanafunzi wa famasia anayejua kirefu cha TDS lakini hawezi kusema zitoke kapsuli ngapi bado hajaujua msamiati wa kazi yake. Kila kifupi kwenye cheti ni agizo: hubadilisha hesabu, njia au saa ya kumeza. Kwa hiyo usivikariri peke yake. Shika kalamu, kipeleke kila kimoja hadi kwenye bahasha.

Hatua ya 1: mtu kwanza, dawa baadaye

Angalia jina, umri, tarehe na saini ya aliyeandika. Kwa mtoto, tafuta uzito. Usipouona, uliza au mpime, kwa sababu dozi nyingi za watoto hupangwa kwa kilo.

Hatua ya 2: ukate mstari vipande sita

Umbo la dawa, jina, dozi, njia, mara ngapi, siku ngapi.

Umbo: Tab ni kidonge, Caps kapsuli, Susp dawa ya maji inayotikiswa kabla ya kunywa, Inj sindano, Gutt matone, Supp kidonge cha kuweka njia ya haja kubwa, Pess kidonge cha kuweka ukeni. Hizi mbili za mwisho zisemwe waziwazi, bila haya. Pess ya klotrimazoli kwa macho ni kidonge tu. Usipomweleza mgonjwa, ataimeza.

Jina: tenganisha jina halisi na jina la biashara. Panadol ni parasetamoli, Flagyl ni metronidazoli. Mgonjwa aliyeandikiwa parasetamoli na tayari anakunywa dawa ya mafua anaweza kuwa anaimeza mara mbili, maana dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Uliza.

Dozi: hapa ndipo wanaoanza huteleza. 500 mg ya kwenye cheti ni kiasi cha kutumia kwa mara moja. Namba iliyo kwenye boksi ni nguvu ya kila kapsuli. Zikiwa sawa, hakuna kazi. Zikitofautiana, gawa dozi kwa nguvu.

Njia: PO mdomoni, IM msulini, IV mshipani, SC chini ya ngozi, PR njia ya haja kubwa, PV ukeni.

Mara: OD mara moja kwa siku, BD mbili, TDS tatu, QID au QDS nne. Mane ni asubuhi, nocte ni usiku, stat ni sasa hivi na mara moja tu, PRN ni ikihitajika. Ukisoma vitabu vya Marekani utakuta QD kwa mara moja kwa siku, na OD ikimaanisha jicho la kulia. Cheti cha matone ya macho kilichoandikwa OD kirudi kwa mwandishi aeleze.

Siku: 5/7 ni siku 5, 2/52 ni wiki 2, 1/12 ni mwezi 1.

Hatua ya 3: hesabu

Una kapsuli za 250 mg. 500 ÷ 250 = kapsuli 2 kwa mara moja. 2 × 3 × 5 = kapsuli 30.

Sasa mtoto aliyeandikiwa Susp. Amoxicillin 250 mg TDS 5/7. Chupa ya 125 mg/5 ml maana yake kila mililita 5 zina miligramu 125, hivyo dozi ni 10 ml: 10 × 3 × 5 = 150 ml. Chupa moja ya 100 ml haitoshi, toa mbili. Ukiwa na ya 250 mg/5 ml, dozi ni 5 ml, jumla 75 ml, na chupa moja inatosha. Ukichanganya nguvu hizi mbili, mtoto anapata nusu ya dozi au maradufu yake, huku chupa zikifanana.

Kuikoroga, maana dawa hii hufika ikiwa unga ndani ya chupa: gonga chupa unga uachane, tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi karibu nusu, tikisa, ngoja povu lishuke, kisha jaza hadi kwenye alama na utikise tena. Ukimwaga maji yote kwa mkupuo unga hushikana mabonge chini; ukipita alama, kila kijiko kinakuwa hafifu. Ikishakorogwa, tarehe ya boksi haihesabiki tena: mara nyingi ni siku 7, lakini fuata lebo ya chupa hiyo. Toa bomba la kupimia au kikombe chenye alama. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Hatua ya 4: bahasha

"2 × 3" ni mazoea ya dirishani, lakini mgonjwa anaweza kuisoma sita. Andika: kapsuli 2, kutwa mara 3, kwa siku 5. Hata hivyo "kutwa mara 3" wengi huigawa asubuhi, mchana na jioni, usiku mzima ukabaki bila dawa. Kwa antibayotiki taja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Epuka kuandika "kila saa 8" peke yake; kuna atakayesubiri saa nane ifike.

Dawa mseto ya malaria, ALU (artemether na lumefantrine ndani ya kidonge kimoja), ina mtego wake. Huandikwa BD kwa siku 3, lakini dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa 4 asubuhi ameze tena saa 12 jioni. Kuanzia siku ya pili, asubuhi na jioni. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 vya 20/120 mg kila mara, dozi 6, jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta.

PRN haitoki bila kikomo. Parasetamoli ya 500 mg kwa mtu mzima: vidonge 2, zipite angalau saa 4 kabla ya dozi nyingine, visizidi 8 ndani ya saa 24.

Ukiona SR, MR au EC baada ya jina, ongeza: usitafune, usisage. SR na MR hutoa dawa polepole, na kikisagwa dozi yote hutoka kwa pamoja. EC ina ganda lisiloyeyuka kwenye mfuko wa tumbo.

Hatua ya 5: maandishi ya kutiliwa shaka

5.0 mg husomwa 50; .5 mg husomwa 5. Wewe andika 5 mg na 0.5 mg. Herufi U ya yuniti za insulini hugeuka sifuri, 4U ikawa 40. Alama µg hufanana na mg, na tofauti yake ni mara 1,000. Andika mikrogramu kwa kirefu. Chlorpromazine ni ya magonjwa ya akili, chlorpropamide hushusha sukari, na kwa mwandiko wa haraka huwezi kuzitenganisha. Methotrexate ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Ukiona OD, simama, mpigie mwandishi.

Hatua ya 6: kabidhi

Linganisha boksi, cheti na bahasha kwa mara ya mwisho, na usome EXP, yaani mwisho wa kutumika: 06/2027 hutumika hadi mwisho wa Juni. Kisha usiulize "umeelewa?", kwa kuwa jibu ni ndiyo siku zote. Sema: "Mama, hebu niambie ukifika nyumbani utampa vipi." Akisema kijiko kimoja badala ya 10 ml, mwonyeshe alama kwenye bomba akiwa bado yuko mbele yako.