Namna ya Kulitazama Kanisa la Sant Climent de Taüll

Mgeni anayefika Taüll, kijiji cha mlimani katika bonde la Boí, kaskazini mwa Katalunya nchini Hispania, hukuta kanisa ambalo picha zake mashuhuri, zilizochorwa juu ya kuta, hazimo tena ndani yake. Zilibanduliwa ukutani miaka mia moja hivi iliyopita zikapelekwa Barcelona. Anayetaka kulifahamu vyema kanisa hili hana budi kupanga ziara mbili, na kwa maoni yangu aanzie kijijini, kwa sababu jumba la makumbusho la Barcelona litampa rangi lakini haliwezi kumpa milima, ubaridi wa mawe wala mwanga hafifu unaopenya kwenye madirisha membamba.

Ukifika, usikimbilie mlangoni. Lizunguke kanisa kwanza, kisha simama mbali kidogo uutazame mnara wa kengele na kuhesabu ghorofa zake sita zilizojengwa juu ya kitako. Kila ghorofa imetengwa na mwenzake kwa mstari wa vitao vidogo vilivyozibwa, na juu ya vitao hivyo mawe yamepangwa mshazari mfano wa meno ya msumeno. Urembo huo huo utauona upande wa nyuma, ambako kuta tatu za nusu duara zimejitokeza nje. Ni mtindo wa mafundi wa Lombardia, Italia ya Kaskazini, na ukishauzoea hapa utautambua bondeni kote.

Ndani, acha macho yazoee kiza. Safu mbili za nguzo nene za mviringo zinaligawa kanisa sehemu tatu, na juu yake kuna paa la mbao. Kwenye mojawapo ya nguzo yalichorwa maandishi ya Kilatini yanayoeleza kwamba kanisa liliwekwa wakfu na Ramon, askofu wa Roda, tarehe 10 Desemba 1123. Siku iliyofuata ikawa zamu ya Santa Maria, kanisa la pili la kijiji hicho hicho, ambalo ni mwendo mfupi tu kwa miguu.

Unapokata tiketi, uliza maonyesho ya mwanga yanaanza saa ngapi, kisha chagua kiti kinachoelekea altare. Tangu mwaka 2013 picha ya awali hurushwa kwa mwanga juu ya ukuta ule ule ilikotolewa, nayo hujijenga mbele ya macho yako mpaka Kristo mwenye enzi anapoijaza nusu kuba yote. Maonyesho yakiisha usiondoke mara moja. Sogea uyatafute mabaki ya rangi ya asili yaliyosalia ukutani. Usiyaguse, wala usiyapige picha kwa taa ya kamera.

Kubandua kwenyewe kulifanywa kati ya 1919 na 1923, baada ya wafanyabiashara kuanza kununua picha za makanisa ya milima hii ya Pirenei na kuziuza ng'ambo. Zile za Santa Maria de Mur, kanisa jingine la Katalunya, ziliishia Boston, Marekani. Mafundi kutoka Italia walipaka gundi ya wanyama juu ya vitambaa, wakavigandisha kwenye picha, wakasubiri vikauke, kisha wakavivuta pamoja na tabaka jembamba la rangi. Ni vigumu kuwalaumu walioamua hivyo, ingawa wanakijiji ndio waliobaki na kuta tupu.

Ukiwa na siku nzima, ongeza kanisa la Santa Eulàlia katika kijiji jirani cha Erill la Vall; makanisa tisa ya bonde hili yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Huko Barcelona, nenda kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalunya, kwenye kilima cha Montjuïc. Kila mtu hutazama uso wa Kristo na kitabu chenye maneno "Ego sum lux mundi", yaani "Mimi ni nuru ya ulimwengu". Wewe shusha macho chini yake umtafute Bikira Maria, aliyefunika mkono wake kwa nguo na kushika bakuli linalotoa miali myekundu. Kisha inua macho kwenye matao umwone Mwanakondoo mwenye macho saba, kama alivyoelezwa katika kitabu cha Ufunuo, na usimsahau Lazaro maskini, aliyeketi mlangoni pa tajiri huku mbwa akimlamba vidonda.