Namna ya kumsikiliza Imre Kálmán hadi uyajue maisha yake

Nafundisha kwaya ya sauti nne, na kila mwanakwaya anayeonja wimbo mmoja wa Kálmán hunijia na swali: nianzie wapi? Huwa namwambia aache wasifu kwanza. Kálmán, mtunzi wa Hungaria, alitunga opereta, yaani mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, dansi na mazungumzo, na ukizisikiliza opereta zake kwa kufuata miaka, utayakuta maisha yake humo humo.

Kabla ya kusikiliza, jua majina ya kutafutia mtandaoni. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo andika Kálmán Imre. Waaustria na Wajerumani humwita Emmerich Kálmán. Opereta yake maarufu kuliko zote ni Die Csárdásfürstin. Kwa Kihungaria ni Csárdáskirálynő, na Warusi huiita Silva. Ukishikilia jina moja tu utapitwa na rekodi nyingi nzuri.

Anza na wimbo wa kwanza wa opereta hiyo, ule wa Sylva Varescu, mwimbaji wa ukumbi wa starehe jijini Budapest. Tafuta rekodi ya waimbaji Anneliese Rothenberger na Nicolai Gedda. Weka kidole mezani, ufuate mapigo. Mwanzoni yanakwenda polepole, sauti inavutwa kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kisha mapigo yanaanza kukimbia, na kidole chako kitataka kuyawahi. Hiyo ndiyo csárdás, dansi ya Kihungaria: sehemu ya kwanza nzito, ya pili ya mbio. Rudia hadi uweze kutabiri mahali mwendo unapogeuka. Usipolijua hilo kwa masikio, mengine nitakayokuelekeza hayatakuingia.

Sasa rudi nyuma. Kálmán alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1882 mjini Siófok, kando ya ziwa Balaton, katika familia ya Kiyahudi iliyoitwa Koppstein. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, akafilisika. Mtoto alitaka kuwa mpiga piano, lakini maradhi ya mkono yakamfungia njia, akageukia utunzi. Katika chuo cha muziki cha Budapest alifundishwa na Hans Koessler, mwalimu yule yule wa Béla Bartók na Zoltán Kodály, watunzi wakubwa wa Hungaria. Alisoma sheria pia, na akawa mhakiki wa muziki katika gazeti la Pesti Napló. Muziki wake mzito haukupata wachapishaji, naye akawatishia marafiki kwamba mambo yakiendelea hivyo atatunga opereta. Akaitunga kweli. Tatárjárás ilianza kuonyeshwa Budapest mwaka 1908, na mwaka uliofuata ikawa Vienna. Opereta hii isikilize mara moja tu, inatosha. Der Zigeunerprimas ya 1912, kisa cha mpiga fidla mzee na mwanawe, inastahili muda zaidi kidogo kwa ajili ya fidla zake.

Halafu rudi kwa Sylva, safari hii usikilize mchezo mzima, huku ukikumbuka tarehe: 17 Novemba 1915, Vienna, Vita Kuu ikiwa imeshapamba moto. Sylva anaagwa kwa sababu anakwenda Marekani. Kijana wa ukoo mkubwa wa kikabaila anampenda, ila ukoo wake hautaki mke aliyetoka jukwaani. Watu wanacheka na kunywa shampeni karibu kila ukurasa. Sikiliza jinsi furaha ile inavyopelekwa haraka kupita kiasi, kama ya watu wasio na hakika na kesho. Kwangu hapo ndipo ukubwa wa Kálmán ulipo: mkono mmoja unapiga walsi, dansi ya mapigo matatu, mwingine umeshika huzuni.

Ukiwa na muda wa wimbo mmoja tu, chagua "Komm, Zigány" kutoka opereta Gräfin Mariza, ya 1924. Mjue kwanza anayeuimba. Tassilo ni bwana wa ukoo mkubwa aliyeishiwa, sasa ni msimamizi wa shamba la Mariza, bibi tajiri, kwa jina la uongo, anatafuta mahari ya dada yake, maana kule bibi harusi ndiye apelekaye mahari. Ndani kuna karamu; yeye yuko nje, anamwomba mpiga fidla wa jamii ya Waroma, ndiye Zigány wa wimbo huu, ampigie. Beti inashuka chini, karibu na kunong'ona. Kisha nenda polepole, simamisha, rudisha nyuma: utasikia fidla ikimjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi. Waimbaji wachanga huharibu hapa kwa kuimba mfululizo. Wanangu wa tenori, sauti ya juu ya kiume, nawaambia, nyamaza, mwachie fidla sentensi yake. Mwishoni csárdás inafyatuka. Mariza amesikia, anamtaka aimbe tena mbele ya wageni. Tassilo anakataa, na Mariza anamfukuza kazi papo hapo. Mimi huwa namwona humo mtoto wa mfanyabiashara aliyefilisika, anayejua jinsi mtu aliyeanguka anavyoilinda heshima yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kujua pia Golden Dawn, ya New York, 1927, iliyotungwa na Kálmán pamoja na Herbert Stothart, mtunzi wa Kimarekani. Hadithi imewekwa Afrika wakati wa Vita Kuu, katika eneo la Wajerumani, na mungu wa wenyeji anaitwa Mulungu, jina ambalo makabila mengi ya kwetu yanalitumia kwa heshima kubwa. Mhusika mkuu mwovu ni Mwafrika, aliyechezwa na mzungu aliyepakwa rangi nyeusi. Filamu ya 1930 iko hivyo hivyo. Iangalie ili ujue tulivyochorwa. Mimi inaniuma, na siwafundishi wanakwaya wangu wimbo wowote wa humo.

Mwaka 1928 ikaja Die Herzogin von Chicago, na hapa ndipo kidole chako cha mezani kitakapofanya kazi. Binti tajiri wa Kimarekani anataka kucheza charleston, dansi ya kwao ya mbio. Mwana wa mfalme anataka csárdás. Tumia rekodi iliyoongozwa na Richard Bonynge. Saksafoni na ngoma upande mmoja, fidla upande mwingine, zinanyang'anyana ukumbi. Jaribu kutaja bila kuangalia popote ni bendi gani inapiga sasa.

Baada ya hapo miaka inakuwa mizito. Mwaka 1938 Austria ikamezwa na Ujerumani ya Hitler, na muziki wa Wayahudi ukapigwa marufuku. Kálmán aliondoka na mkewe Vera na watoto, akapitia Zürich na Paris hadi Marekani. Dada zake wawili waliobaki Hungaria waliangamia. Béla Jenbach, mmoja wa wawili walioandika maneno ya Die Csárdásfürstin, alijificha ndani ya chumba cha chini ya nyumba jijini Vienna, akafa mwaka 1943. Ukishajua hayo, sikiliza tena ule mwanzo wa Die Csárdásfürstin, maana maneno ya wimbo ule ni ya Jenbach pia.

Kálmán alirudi Ulaya baada ya vita, akafa Paris tarehe 30 Oktoba 1953, akazikwa Vienna. Alikufa akiwa bado anaitunga opereta Arizona Lady, na mwanawe Charles akaikamilisha. Ilionyeshwa Bern mwaka 1954. Mwenye ranchi katika mchezo huo, Lona, ana asili ya Hungaria. Isikilize ya mwisho, na kidole kiwe mezani.