Shoki ziko wapi? Jinsi ya kupanga upya menyu ya tovuti ya duka

Nilimsaidia dada mmoja anayeuza spea za magari Kirinyaga Road. Tovuti ilikuwa na kila kitu, lakini wateja hawakuacha kumpigia simu: "Mna shoki za Probox?", yaani vile vifaa vinavyozuia gari kudunda. Zilikuwepo, zimefichwa chini ya "Mfumo wa Mwendo Laini". Nani huongea hivyo?

Hatua ya 1. Toa maneno ambayo watu wameandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Anza na yale yasiyoleta kitu. Sisi tulikuta "shoki", "shok" na "shocks". Usimlaumu mteja kwa tahajia. Iambie programu kwamba yote ni kitu kimoja.

Hatua ya 2. Andika bidhaa 40 kwenye vipande vya manila, wateja wazipange mafungu na kuyapa majina. Kuna programu za kazi hii, mimi sizitaki. Mezani unawasikia wakibishana.

Hatua ya 3. Andika menyu mpya kwenye karatasi, bila rangi wala picha.

Hatua ya 4. Tunga maswali ya kumuuliza mteja akiwa ameshika menyu hiyo ya karatasi. Hapa nilipoteza Jumamosi nzima. Niliandika "Tafuta breki pedi", na menyu ilikuwa na neno "Breki". Wote wakapita, nami nikafurahi kama mjinga. Nilichokuwa nimepima ni kama wanajua kusoma. Swali lieleze shida, lisitaje kitu: "Gari likipita kwenye shimo linadunda-dunda kama mpira. Ungebonyeza wapi?" Shida yenyewe isiwe na majibu mawili. Niliwahi kuuliza kuhusu kelele za magurudumu, fundi mmoja akanibishia dakika kumi kwamba ni bearingi, na hakukosea. Badilisha mpangilio wa maswali kwa kila mtu, maana akifika la nne ameshaizoea menyu. Andika alikobonyeza kwanza, hata akijirekebisha. Akikwama, nyamaza. Najua ni vigumu, sisi mtu akipotea tunamshika mkono hadi stejini.

Hatua ya 5. Idadi ya watu wa kuwajaribia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya tovuti ziwe rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha, na wengi huishia hapo. Hiyo ni kwa kumtazama mtu akitumia tovuti. Kwa kupanga kadi, yaani vile vipande vya manila vya hatua ya 2, yeye mwenyewe alishauri 15.

Hatua ya 6. Menyu ikishawekwa kwenye tovuti, rudia maswali kwenye simu ya mteja, kwa bando lake, si kwa waifai ya ofisi. Baada ya mwezi, rudi hatua ya 1. Sisi tulikuta neno jipya lisiloleta kitu: "shoki eksi-Japani".