Sauti ya gitaa la besi inatoka wapi hasa, na urekebishe nini kwanza

Chomeka gitaa, fungua nobu zote, kisha piga uzi wa E (ule mnene kuliko wote) ukiwa wazi, yaani bila kuubana, vidole vikiwa pale shingo inapoishia. Sikiliza. Sasa sogeza mkono mpaka sentimita tano kutoka kwenye daraja (kile kipande kilicho kwenye mwili wa gitaa nyuzi zinapoishia), upige uzi uleule kwa nguvu ileile. Sauti ya kwanza ilikuwa nene, ya duara. Ya pili ni kavu, nyembamba, ina makali. Hujagusa nobu yoyote, na bado tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile utakayoipata ukibadilisha mbao za gitaa zima.

Kwa hiyo tutafuata njia ambayo sauti yenyewe inapita: mkono, uzi, pikapu (sumaku inayonasa mtikisiko wa uzi), saketi, waya, spika, chumba. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha nyuzi na kapasita (kijisehemu cha umeme kilicho kwenye nobu ya toni) siku moja hutajua kipi kimekusaidia. Na unapolinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio siku zote hudhani kinachosikika zaidi ndicho kizuri zaidi. Mpe mwenzako akusikilize akiwa amekupa mgongo.

Mkono

Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. E ya chini kabisa ina sauti mama ya hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, na juu yake zimepangana sauti tanzu: 82, 124, 165, na kuendelea. Mahali unapopigia ndipo panapoamua zipi zitasikika. Gitaa la besi la kawaida lina uzi wenye urefu wa milimita 864 kutoka kichwani hadi darajani. Ukipiga robo ya urefu huo, yaani karibu sentimita 21.6 kutoka darajani, sauti tanzu ya hezi 165 inapotea, maana umepiga pale pale inapotakiwa kutulia. Ukikaribia daraja, tanzu za juu zinapata nguvu na sauti mama inapungua.

Bandika vipande vitatu vya utepe wa karatasi kwenye bodi: sentimita 5, 12 na 20 kutoka darajani. Piga mstari uleule wa wimbo unaoujua vizuri katika kila alama. Kwa wengi alama ya kati ndiyo inayokaa vizuri ndani ya bendi: sauti ina uzito wa kutosha na noti bado zinatambulika hata solo na rithim zikiwa zinachanganya.

Nguvu ya kidole nayo inaharibu wengi. Ukipiga kwa hasira uzi unagonga freti (vile vichuma vilivyopangwa shingoni), unatoa mlio wa kokoto, na noti inaanza ikiwa juu kidogo ya pale inapotakiwa kabla ya kushuka. Ongeza sauti kwenye amplifaya, upunguze nguvu ya mkono. Ukitaka ule mdundo mfupi unaosikika kwenye rekodi za zamani za Radio Tanzania, laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja na upige kwa kidole gumba, au kata kipande cha sifongo ya kuoshea vyombo ukipenyeze chini ya nyuzi kando ya daraja. Sifongo iguse nyuzi tu, isizisukume juu. Ikizisukuma, noti zote zitatoka nje ya tuni.

Nyuzi

Hapa ndipo pesa kidogo inaleta mabadiliko makubwa. Nyuzi zilizosokotwa kwa waya wa duara zina sauti ya wazi yenye kung'aa. Zile zilizosokotwa kwa waya bapa ni laini kwa mguso, nzito kwa sauti, na hazikwaruzi vidole vinapoteleza. Kati ya zile za duara, za chuma cha pua zina makali kuliko zilizopakwa nikeli. Unene wa kawaida kwa nyuzi nne ni 45 hadi 105, ikimaanisha inchi 0.045 kwa G, uzi mwembamba kuliko wote, na inchi 0.105 kwa E.

James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, miaka ya 1960, alitumia nyuzi bapa kwenye Precision Bass, gitaa la besi la Fender, alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, na hakuwa na desturi ya kubadilisha nyuzi. Anayetamani sauti ile aanzie hapo kabla hajanunua pikapu.

Nyuzi za duara hufa haraka sana Dar es Salaam. Jasho na mafuta ya ngozi vinaingia kwenye mifereji ya msokoto, vinaongeza uzito usio sawa na kuzima sauti tanzu za juu. Joto na hewa ya chumvi ya pwani vinamalizia kwa kutu. Dalili ni mbili: sauti inakuwa butu hata nobu ya toni ikiwa wazi yote, na noti za juu ya freti ya 12 zinakataa kuwa kwenye tuni hata ukirekebisha daraja. Futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu mara tu unapomaliza kupiga.

Zikishakufa, zinaweza kufufuliwa kwa muda. Zivue, zikunje taratibu, zitumbukize kwenye spiriti ndani ya chombo chenye kifuniko, ziache usiku kucha, kisha zifute na uziache zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Fanya hivyo mbali na jiko na sigara, spiriti inashika moto upesi. Wengine huzichemsha kwenye maji dakika kumi. Inafanya kazi, ila maji yanayobaki ndani ya msokoto yanaleta kutu, na nafuu yake ni ya muda mfupi. Zenye nyuzi za hariri mwishoni usizichemshe.

Kabla ya kulaumu nyuzi, angalia kimo chake. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya nane: iwe karibu milimita 0.3 hadi 0.35. Kama haipo kabisa, au ni kubwa mno, zungusha fimbo ya chuma ya shingoni kwa alenki, robo mzunguko tu kwa mara moja, tuni upya, pima tena. Kisha pima kimo juu ya freti ya 17: karibu milimita 2.4 kwa E na 2 kwa G. Nyuzi zikiwa chini mno zinagonga freti na noti inakufa mapema. Mbao za shingo zinacheza na unyevu, kwa hiyo gitaa lililokaa sawa wakati wa kiangazi lipimwe tena masika yakianza.

Pikapu

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Haisikii mbao wala rangi; inasikia uzi wa chuma unavyotikisika pale juu yake tu. Kwa hiyo mahali ilipowekwa pana maana kubwa kuliko jina lililoandikwa juu yake. Iliyo karibu na shingo ina unene, iliyo karibu na daraja ina sauti ya puani. Precision Bass ilitoka mwaka 1951, na mwaka 1957 ikapewa pikapu iliyogawanyika vipande viwili: nusu ya E na A iko upande wa shingoni, nusu ya D na G iko upande wa darajani. Jazz Bass, gitaa jingine la Fender, ya mwaka 1960 ina pikapu mbili, kila moja na nobu yake ya sauti. Ukizifungua zote sawasawa, sauti za kati zinalegea na mngurumo wa umeme unapungua, kwani pikapu hizo kwa kawaida zimesukwa ili mngurumo wa moja uufute wa nyingine. Punguza moja kidogo tu na sauti za kati zinarudi. Nobu hizo mbili ni chombo kikubwa kuliko ekolaiza ya amplifaya, na wapiga besi wengi hawazigusi mwaka mzima.

Kimo cha pikapu kinarekebishwa kwa bisibisi. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku: anza na milimita 2.8 upande wa E na 2 upande wa G. Ikiwa karibu mno, sumaku inauvuta uzi. Noti inakuwa fupi na inayumba kama vile gitaa limetoka tuni. Ikiwa mbali mno, sauti inakuwa dhaifu na ya mbali. Sogeza nusu mzunguko, piga, sikiliza kama nyuzi zote nne zina nguvu sawa.

Saketi, betri na waya

Gitaa lisilo na betri huwa na potenshiometa (kifaa kilicho chini ya kila nobu) za kilo-omu 250 na kapasita moja kwenye toni. Kapasita ya kawaida imeandikwa 473, yaani mikrofaradi 0.047. Ya 104 ni mikrofaradi 0.1, inafanya sauti iwe nzito zaidi ukifunga toni; ya 223 ni 0.022, inaacha makali kiasi. Fundi yeyote wa redio Kariakoo anazo na anaweza kukuchomea hapo hapo. Mwambie namba, na usikubali kulipa zaidi kwa sababu ya rangi au ukubwa wa kapasita: kwenye kazi hii thamani yake ndiyo inayosikika. Na kumbuka, toni ikiwa wazi yote kapasita karibu haifanyi lolote.

Gitaa lenye betri ya volti 9 huanza kula umeme mara jeki inapochomekwa, hata kama hupigi. Chomoa ukimaliza. Betri ikikaribia kuisha sauti inakwaruza kwenye noti za nguvu, na wengi hudhani spika imepasuka.

Waya nao unakata sauti za juu, kwa gitaa lisilo na betri. Kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo unavyozifunika. Mita tatu hadi sita zinatosha. Mita kumi na tano utazisikia.

Kosa linaloua sauti nyingi makanisani na kumbini ni hili: gitaa lisilo na betri linachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mikisa. Pikapu inahitaji kuchomekwa kwenye kitu chenye ukinzani mkubwa, karibu mega-omu 1. Tundu hilo la mikisa mara nyingi lina kilo-omu 10 tu. Ni kama kuibebesha pikapu mzigo usiouweza: sauti za juu zinazimika, nguvu inashuka, na fundi mitambo anaongeza trebo mpaka kelele zijae. Dawa yake ni kiboksi cha DI, kinachopokea pikapu bila kuilemea, kati ya gitaa na mikisa. Kama ni cha kutumia umeme, kinachukua volti 48 kutoka kwenye mikisa yenyewe, washa volti hizo. Kama mikisa ina kitufe cha kuchomekea gitaa, kibonyeze.

Mngurumo ukizidi, bonyeza swichi ya kukata ethi (waya wa ardhini) kwenye DI. Usikate kamwe mguu wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mpiga besi anayeimba anashika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki, na shoti ya namna hiyo inaua.

Spika na chumba

Spika ndiyo kichujio kikubwa kuliko vyote baada ya mkono. Spika ya besi ya inchi 10 bila twita (spika ndogo ya sauti za juu) huanza kuacha sauti kwenye hezi 4,000 au 5,000, na hiyo ni sehemu ya utamu wake. Ukipitisha besi kwenye spika za ukumbi zenye twita kali, kila mkwaruzo wa kidole unasikika. Shusha sauti za juu kwenye mikisa kabla ya kulaumu nyuzi.

Mwanzoni weka ekolaiza yote katikati. Hezi 80 hadi 100 ndizo uzito. Hezi 200 hadi 300 ndizo tope. Zikizidi, noti hazitofautiani. Hezi 700 hadi 1,000 ndizo zinazofanya besi isikike hata kwenye redio ndogo, na ndizo watu wengi wanazozipunguza kwa makosa kwa sababu wakiwa peke yao chumbani zinasikika mbaya. Zirudishe mkiwa bendi nzima. Chini ya hezi 40 kata: hakuna noti ya nyuzi nne huko, ila mitetemo ya jukwaa inayochosha spika.

Chumba kina noti zake. Kuta mbili zilizo umbali wa mita 4.2 huitikia hezi zipatazo 41, ambazo ni E yako ya wazi. Umbali wa mita 3.2 unaitikia A. Ndiyo maana noti moja inavuma na jirani yake inapotea, hasa kwenye vyumba vya zege visivyo na mapazia. Mwambie mtu apige gamu (noti moja baada ya nyingine kwa mpangilio) polepole, wewe tembea kutoka ukutani hadi katikati. Utasikia noti ileile ikizama na kuibuka. Spika iliyosukumwa pembeni kabisa mwa chumba inaongeza besi ya chini bila nobu; ikizidi, ivute mbele mita moja.

Na mbao?

Mchango wake upo, lakini ni mdogo, na unasikika zaidi shingoni kuliko kwenye bodi. Kwenye magitaa mengi ya mtindo wa Fender, uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7 una noti moja inayokufa haraka, kwa sababu shingo inatikisika pamoja nayo na kuinywa nguvu. Funga kitambaa kwenye kichwa cha gitaa, bana juu yake kibanio kidogo cha chuma, upige tena. Noti ile ikirejea, tatizo limehama kwenda freti nyingine, basi uzito kichwani unasaidia. Isiporejea, ipige noti hiyohiyo kwenye uzi wa D, freti tano juu zaidi.